Wati tano na maji ya bamvua: mwongozo kamili wa redio ya ridhaa ukiwa likizoni Unguja

Katika redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya redio ya kujifurahisha yasiyo ya biashara, kushuka kutoka wati 100 hadi wati 5 ni hasara ya desibeli 13. Kwenye mita ya anayekusikiliza, hiyo ni zaidi kidogo ya alama mbili za S (kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa), kwa kuwa kila alama ni desibeli 6. Aliyekuwa akikupata S7 sasa atakupata S5, na S5 inatosha kabisa kuongea. Sehemu kubwa ya hasara hiyo unaweza kuirudisha bila kuongeza hata wati moja, ukisimamisha antena ya wima ukingoni mwa maji ya chumvi. Bahari hupitisha umeme mara maelfu kuliko udongo mkavu. Mawimbi yanayotoka chini chini, karibu na upeo wa macho, hayamezwi na ardhi, na hayo ndiyo yanayofika Ulaya, Japani na Marekani. Kwa hiyo ukiwa na fedha na nafasi ya mzigo iliyobaki, iweke kwenye waya, mlingoti na kupanga saa za maji. Redio ije baadaye.

Mfano wetu ni Unguja. Vipimo vya waya ni vile vile Diani, Mafia au Salalah kule Oman. Kinachobadilika ni kibali na saa za maji.

Kibali

Leseni ya nyumbani haitoshi. Makubaliano ya CEPT (jumuiya ya mamlaka za posta na mawasiliano za Ulaya) yanayomruhusu mwanaredio wa Ulaya kuvuka mipaka kwa leseni yake hayaihusu Tanzania wala Kenya. Tanzania unaomba TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kwa kuwa mawasiliano ni jambo la Muungano, mamlaka hiyo hiyo ndiyo inayohusika na Zanzibar. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, yaani CA. Uganda ni Tume ya Mawasiliano, yaani UCC. Andika mapema, miezi mitatu kabla ya safari ikiwezekana. Ambatisha nakala ya leseni yako, ukurasa wa picha wa pasipoti, jina na namba ya redio iliyochongwa nyuma yake, nguvu utakayotumia, bendi, mahali na tarehe.

Ishara za wito (herufi na namba zinazotambulisha kituo hewani) za Tanzania huanza na 5H. 5H1 kwa kawaida ni Zanzibar na 5H3 ni Bara. Tumia ishara ile ile iliyoandikwa kwenye kibali, herufi kwa herufi, wala usijiongezee kitu. Chapisha nakala mbili: moja ikae na redio, nyingine na pasipoti. Risiti ya kununulia redio nayo iwe karibu, maana forodhani swali la kwanza ni kama unaileta kuuza.

Ukifika, kabla ya kusimamisha mlingoti, ongea na meneja wa hoteli. Ikiwa ni ufukwe wa kijiji, pita kwa sheha umsalimu na umwonyeshe karatasi. Mtu mwenye waya, betri na vifaa vya masikioni pwani huulizwa maswali, na ni haki. Dakika kumi za maamkizi na maelezo zinaondoa maswali ya wiki nzima. Kaa mbali na uwanja wa ndege, kambi za ulinzi na minara ya simu.

Mzigo

Kwa redio, yoyote inayotoa wati 5 kwenye bendi za mita 40 hadi 10 inafaa. Elecraft KX2 ni ndogo na haili betri. Icom IC-705 inatoa wati 5 kwa betri yake yenyewe na wati 10 ukiipa volti 13.8, ila inachukua nafasi zaidi. Xiegu G90 inafika wati 20 na ina kilinganishi cha antena ndani, lakini hula umeme hata ikiwa inasikiliza tu. Kwa anayejua Morse, QMX ya QRP Labs inaingia kwenye mfuko wa shati. Soma kwanza kikomo chake cha volti, kwani betri ya lithiamu iliyojaa inaweza kukivuka na kuiunguza.

Betri iwe ya LiFePO4 ya seli nne, volti 12.8. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme redio inakula ampea 0.3 ikisikiliza na 1.5 ikirusha, nawe unarusha asilimia 30 ya muda: 0.7 × 0.3 + 0.3 × 1.5 = ampea 0.66. Betri ya Ah 3 itakupa saa nne na nusu. Acha asilimia 20 ya akiba, zinabaki kama tatu na nusu. Kwa jioni moja ufukweni inatosha. Kwenye ndege betri ya akiba inakwenda na begi la mkononi, kamwe si la kukabidhi. Chini ya Wh 100 haihitaji ruhusa ya shirika. Hiyo ya Ah 3 ni Wh 38 tu. Funika ncha zake kwa utepe.

Vilivyobaki:

- mlingoti wa fimbo ya kuvulia ya fibaglasi, mita 6 hadi 7 ikinyooshwa (usichukue ya kaboni, hupitisha umeme na itaharibu antena)
- kebo nyembamba ya RG-316 mita 8 yenye BNC (aina ya plagi ya kebo ya redio) pande zote. Kwa 14 MHz inapoteza chini ya desibeli 1
- waya laini wenye ala ya plastiki mita 40
- kamba ya milimita 2, mita 30, ya kurushia mtini, na nyingine mita 15 ya kukazia mlingoti
- kipima SWR kidogo (SWR huonyesha nguvu inavyorudi kutoka kwenye antena; 1.0 ndiyo bora kabisa)
- vifaa vya masikioni, daftari, penseli, na mifuko mitatu imara ya kutia mchanga

Mahali na saa ya maji

Hapa ndipo mwanaredio wa bara anapokosea. Bamvua la Unguja linatofautisha maji kujaa na kupwa kwa karibu mita nne. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani na Bwejuu, maji yakipwa hukimbia zaidi ya kilomita moja hadi karibu na mwamba. Ukipanga kurusha saa hiyo, antena yako itakuwa juu ya mchanga ulioloa: si vibaya, ila faida ya bahari imeondoka na maji. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali hivyo.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa pwani hii karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Saa kumi jioni ni 13:00 UTC, na hiyo ni bahati kubwa: bendi za mita 10, 12, 15 na 17 zinakuwa wazi kuelekea Ulaya, na jua limeshachomoza pwani ya mashariki ya Marekani. Siku za maji mafu hujaa karibu saa nne, lakini hata yakipwa hayaendi mbali. Kwa hiyo ukiweza kuchagua tarehe za likizo, chagua wiki yenye bamvua. Kama huna jedwali la maji, muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kuangalia simu.

Halafu tazama mwelekeo. Kutoka Unguja, London iko digrii 335, New York 311, Tokyo 55. Nungwi ina bahari mbele kwa zote tatu. Paje na Matemwe zinafaa Japani na Asia. Unataka maji yaanze ndani ya nusu ya urefu wa wimbi kutoka kwenye antena: mita 10 kwa bendi ya mita 20, mita 5 kwa bendi ya mita 10.

Usisimame chini ya mnazi. Nazi ikidondoka haichagui. Usipite juu ya vigingi vya wakulima wa mwani, wala usifunge kamba mahali ngalawa zinapopandishwa. Mivinje ndiyo miti bora ya ufukweni kwa waya: mirefu, na matawi yake yanashika kamba vizuri.

Antena ya kwanza: waya wa wima na waya mbili za miguu

Urefu wa robo ya wimbi kwa mita ni 71.3 kugawa kwa MHz. Kwa 14.060 ni 5.07, kwa 18.086 ni 3.94, kwa 21.060 ni 3.39, kwa 28.060 ni 2.54. Ala ya plastiki hufanya waya uonekane mrefu zaidi kiumeme, kwa hiyo mara nyingi utaishia asilimia 2 hadi 3 chini ya hapo. Kata waya tatu za mita 5.20. Usikate tena baada ya hapo. Ziada ikunje nyuma na kuifunga kwa utepe, ili kesho uweze kuirefusha.

Chukua soketi ya BNC yenye nati mbili za kubania. Nyekundu ishike waya wa wima, nyeusi ishike waya mbili za miguu. Kisha:

1. Jaza mchanga mifuko mitatu, funga kamba shingoni, izike sentimita 30 kwa pembetatu, mita 2 kutoka mlingoti ulipo. Kigingi cha chuma kwenye mchanga hung'oka upepo wa kusi ukivuma. Mfuko uliozikwa hauondoki.
2. Nyoosha fimbo kuanzia kipande chembamba, ukizungusha kila kiungo kikaze. Funga ncha ya waya juu, uuzungushe kwenye fimbo mara tatu au nne tu hadi chini.
3. Kaza kamba tatu kwenye theluthi ya pili ya mlingoti.
4. Soketi ikae mita 1 juu ya mchanga. Tandaza waya za miguu pande mbili zinazokabiliana, ncha zake zikiwa kama sentimita 70 juu, zimefungwa kwenye vijiti kwa kamba. Zisiguse mchanga.
5. Funga kitambaa chekundu kwenye kila mguu. Watoto wanaocheza mpira hawaoni waya mweusi.
6. Pima SWR ukiwa umeachia kebo na kusimama kando.

Pointi ya chini kabisa ya SWR ikiwa kwenye masafa ya chini kuliko unayotaka, waya ni mrefu. Sentimita moja ikipunguzwa kwenye waya zote tatu husogeza pointi hiyo kama kHz 28 kwenda juu. SWR ya 1.4 na miguu iliyolala ni kawaida, kwa sababu ukinzani wa antena uko karibu omu 36. Ukiinamisha miguu zaidi itakaribia 50. Usipoteze machweo kuitafuta 1.0.

Kuhamia mita 15 au 10, kunja waya zote tatu hadi alama ulizoweka nyumbani kwa kalamu isiyofutika. Dakika tatu zinatosha.

Antena ya pili: nusu ya wimbi inayolishwa mwishoni

Hii ni ya usiku, ya bustani ya hoteli, na ya siku ambayo ufukwe umejaa watu. Waya mmoja wa mita 20.2 unafanya kazi mita 40, 20, 15 na 10 bila kubadilisha kitu. Mwishoni mwa waya ukinzani ni omu elfu mbili na kitu, hivyo unahitaji transfoma ya 49 kwa 1.

Chukua pete ya feraiti FT114-43, waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.5, na kapasita ya pF 100 ya kV 1 au zaidi. Zungusha mizunguko 3 ya upande wa redio, kisha 21 ya upande wa antena. 21 kugawa 3 ni 7, na 7 mara 7 ni 49. Kwa ile 21, sentimita 80 za waya zinatosha pamoja na mikia. Hesabu mzunguko kila waya unapopita ndani ya tundu, si nje. Kosa la mzunguko mmoja kwenye ile mitatu huharibu uwiano wote. Mwanzo wa nyuzi zote mbili unaunganishwa pamoja kwenye ardhi ya BNC, mwisho wa ile 3 unakwenda pini ya katikati, na mwisho wa ile 21 unakwenda kwenye nati ya antena. Kapasita ikae kati ya pini na ardhi. Kwangua vanishi kwa msasa hadi shaba ing'ae kabla ya kulehemu. Kiungo kinachoonekana kimeshika huku vanishi ipo ndani ndicho chanzo cha nusu ya matatizo ya transfoma hizi.

Ijaribu mezani: unganisha rezista ya kilo-omu 2.2 na ya omu 220 mfululizo kati ya nati ya antena na ardhi, upime SWR. Ikiwa chini ya 1.5 hadi 21 MHz, na chini ya 2 kwenye 28, iko sawa. Ikipanda sana huko juu, badilisha au hamisha kapasita kabla ya kugusa mizunguko.

Kurusha kamba mtini tumia chupa ya nusu lita yenye maji nusu. Tandaza kamba yote chini kwanza. Ikiwa imeviringwa itajifunga. Hakikisha hakuna mtu upande wa pili. Ncha ya mbali ipande mita 7 au zaidi, transfoma ibaki mita 1 juu ya ardhi, na waya mfupi wa mita 2 utoke ardhi ya BNC ulale chini. Upande wa redio, pitisha kebo mara 10 kwenye pete ya FT140-43, la sivyo kebo yenyewe itageuka antena na utahisi mchomo midomoni ukishika maiki. Kwa wati 10 mwisho wa waya una kama volti 156. Usiuache mahali mtu anaweza kuushika.

Kurusha

Sikiliza kwanza. Vituo 18 vya vinara (vya kurusha ishara za majaribio) vya NCDXF, shirika la wanaredio, hurusha kwa zamu kwenye 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz, kila kimoja sekunde 10, na mzunguko mzima ni dakika tatu. Kila kituo hutuma ishara yake kwa Morse na mistari minne ya mlio mrefu: wati 100, 10, 1 na 0.1. Ukisikia mstari wa tatu wa kinara cha upande fulani, wati zako 5 zitafika huko. Hakuna kipimo kingine cha uwanjani chenye thamani kama hicho. Kinara cha Kenya, 5Z4B, kiko jirani. Kitumie kujua kama redio yako inasikia, si kama bendi iko wazi.

Vituo vya nguvu ndogo hukutana kwenye 7.030, 10.116, 14.060, 18.086, 21.060 na 28.060 kwa Morse. Kwa sauti ni 7.090, 14.285, 21.285 na 28.360. Afrika Mashariki tuko Kanda ya 1 ya mgawanyo wa masafa duniani, kwa hiyo mita 40 ni 7.000 hadi 7.200 tu. Uliza kama masafa yanatumika, subiri, uliza tena, ndipo uite.

Kwa kawaida mwenye wati 5 hujibu badala ya kuita. Ukiwa na 5H1 mambo yanageuka: ni wewe unayetafutwa. Ita CQ (mwito kwa yeyote anayesikia) kwa Morse kwa mpangilio kamili, CQ CQ DE na ishara yako mara mbili, na wapokezi wanaojiendesha wa mtandao wa Reverse Beacon Network watakutangaza ndani ya sekunde chache. Watu wengi wakianza kukuita kwa pamoja, waambie wakujibu kilohezi 1 au 2 juu, vinginevyo watakuziba na hakuna atakayekusikia. Jibu kwa ufupi: ishara yake, ripoti, asante.

FT8, mfumo ambamo kompyuta hupeana ujumbe mfupi kwa redio, iko 14.074, 21.074 na 28.074. Saa ya simu au kompyuta isipotee hata sekunde moja. Ilinganishe na GPS, au na mtandao kabla ya kuondoka mahali unapopatikana. Kila zamu redio inarusha karibu sekunde 13 kati ya 15, na hali ya joto ya pwani ipo. Punguza hadi wati 3 na uifunike kwa kanga nyepesi, ukiiachia nafasi ya hewa.

Daftari linaandikwa kwa UTC. Mchana, ongeza 3 kwenye saa ya Kiswahili: saa kumi jioni ni 13:00. Usiku ongeza 15: saa mbili ni 17:00. Tarehe ya UTC hubadilika saa tisa usiku, na hapo ndipo kumbukumbu nyingi huharibika. Piga picha ukurasa kila jioni.

Yanayoharibika

Kelele ya S7 karibu na hoteli hutoka kwenye inveta ya sola, taa za LED, pampu ya maji au chaja ya simu. Tembea na redio ndogo ya AM ukisikiliza mngurumo, uone unapungua wapi. Mara nyingi mita 40 kutoka jengo zinatosha. Kidhibiti cha paneli yako mwenyewe ya sola nacho kinapiga kelele: chaji mchana, kichomoe ukirusha.

SWR ikibadilika ukishika kebo, kizuizi cha mkondo (ile kebo iliyopitishwa kwenye pete) hakipo au mizunguko ni michache. Ikibadilika polepole bila kuguswa, maji yanapanda chini ya waya za miguu. Ongeza urefu wa vijiti. Ikiruka ghafla, kiungo kimelegea au chumvi imeingia kwenye BNC.

Masika na vuli, ukianza kusikia mipasuko mikali kwenye mita 40, radi iko njiani hata kama anga ni jeupe. Shusha mlingoti mara moja na uchomoe kebo. Ufukwe mtupu wenye nguzo ya mita saba si mahali pa kungoja.

Kila usiku futa soketi, waya na fimbo kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha vikauke ndani. Vuta fimbo kipande kimoja kimoja ukiifuta mchanga kabla ya kuifunga. Punje chache zikibaki kwenye kiungo, kesho hakitafunguka, na ukikilazimisha kitapasuka. Betri ihifadhiwe ikiwa nusu, nje ya jua.